Unarudi Nyumbani na Watoto? Mambo ya Afya ya Kupanga Kabla, Ukiwa Huko na Ukisharudi

Mwaka wa tano tangu nihamie Leicester, nilikwenda Muheza likizo ya Desemba na mwanangu wa miaka minne. Sikumeza dawa yoyote ya kinga. Muheza ndiko nilikozaliwa na kukulia, malaria nimeugua mara zisizohesabika, na siku nakata tiketi nilijiona mtu anayekwenda kwao. Wasafiri ni Wazungu wenye kofia pana.

Siku ya kumi na moja baada ya kurudi Uingereza nikaanza kutetemeka ndani ya koti. Kwenye kituo cha afya nikaambiwa ni mafua ya msimu, nimeze parasetamo na ninywe maji mengi. Kosa halikuwa lao peke yao, maana walipouliza nilijibu tu kwamba nimetoka likizo. Siku ya tatu nilipelekwa hospitali siwezi kusimama, na muuguzi wa zamu ya usiku akauliza swali moja: likizo ya wapi? Damu ikapimwa, malaria ikaonekana. Mtoto, kwa rehema za Mungu, hakupata.

Baadaye nilielezwa jambo ambalo laiti ningelijua kabla. Kinga ya malaria anayoijenga mtu aliyekulia Tanga au Kisumu hujengwa kwa kuumwa na mbu mwaka hadi mwaka. Ukikaa miaka michache pasipo na malaria, inapungua sana. Watoto waliozaliwa ughaibuni hawana kabisa. Mwaka 2023 Uingereza iliandikisha wagonjwa wa malaria zaidi ya 2,000 walioambukizwa nje ya nchi, na kundi kubwa kati yao ni watu kama sisi, waliokwenda kuona ndugu Afrika. Mtalii wa hotelini analala kwenye kiyoyozi siku saba. Sisi tunalala kwa bibi wiki tano, tunakaa barazani hadi saa nne usiku, na dawa hatumezi kwa sababu tunajiona wenyeji.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya familia za namna hiyo, hasa zinazokwenda Tanzania na Kenya. Mifano mingi ni ya Uingereza kwa kuwa ndiko ninakoishi. Ukiwa Toronto, Oslo au Muscat utaratibu wa kliniki utatofautiana, mbu ni wale wale.

Hatua ya 1: Wiki nane kabla, toa kadi za chanjo

Wiki nane zinaonekana nyingi hadi uanze kupanga. Kuna chanjo zinazotaka dozi zaidi ya moja, na kuna nyingine hazichomwi karibu karibu. Chanjo ya homa ya manjano na ile ya surua, kwa mfano, Uingereza huziachanisha kwa wiki nne. Ukienda kliniki siku kumi kabla ya ndege utapewa kinachowezekana, basi.

Anza na chanjo za kawaida. Angalia kama kila mtu yuko sawa kwa surua, polio na pepopunda. Surua huwa tunaidharau, lakini kwenye nyumba yenye watoto kumi na wawili wanaolala mkeka mmoja inaruka kama cheche. Kama una mtoto mchanga aliyefikisha miezi 6 na hajafika umri wa chanjo ya surua, uliza achomwe mapema kwa ajili ya safari. Wengi hawajui kama hilo lipo.

Kisha uliza homa ya ini aina ya A na taifodi. Hapa kuna tofauti kati yako na mwanao. Wewe uliyekunywa maji ya kisima utotoni huenda homa ya ini A uliipata ukiwa mdogo bila hata kujua, na kinga yake ikabaki. Mwanao aliyezaliwa Birmingham hana. Chanjo ya A huchomwa kuanzia mwaka 1, ya taifodi kuanzia miaka 2 hivi. Uingereza zote mbili ni bure kwa daktari wako wa kawaida, kwa hiyo usiharakie kliniki ya kulipia kabla hujauliza pale ulipojiandikisha.

Homa ya manjano ina mkanganyiko wake, na watu hukwama mpakani kwa ajili yake. Uganda, Congo na Burundi zinataka kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo hiyo, kwa wanaoingia karibu wote, ukiacha watoto wachanga. Tanzania inaitaka kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyepita katika nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12 akibadilisha ndege. Sasa tazama njia yako. London hadi Dar moja kwa moja, au kwa kupitia Doha, hauulizwi. Lakini Ethiopia na Kenya zote zimo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Ukipitia Addis Ababa ukalala huko usiku mzima, au ukashukia Nairobi, ukakaa wiki kwa dada yako Mombasa kisha ukapanda basi kuvuka Horohoro kwenda Tanga, kadi itatakiwa. Chanjo huanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka kumi. Kwa hiyo itafute kwanza kwenye bahasha yako ya vyeti kabla hujalipa upya.

Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto chini ya miezi 9, mtu mwenye kinga dhaifu, na mzee aliyepita miaka 60 wazungumze na daktari kwanza. Asiyefaa kuchomwa hupewa barua.

Mwisho wa hatua hii, chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa wiki mbili za Dar mtu anaweza kuiacha. Kwa mwezi mzima kijijini na mtoto wa miaka sita anayemkimbilia kila mbwa kwa sababu mbwa wa kwao Leicester analala kwenye kochi, mimi ningelipa. Ni dozi mbili au tatu kutegemea nchi uliyopo.

Hatua ya 2: Dawa ya kinga ya malaria, na ubishi wake

Uingereza dawa hizi hulipiwa, na kwa familia ya watu watano bei inauma. Ndipo mtu husema tutanunua huko huko ni rahisi. Usifanye hivyo. Kwanza, unatakiwa uanze kumeza kabla hujaondoka. Pili, maduka mengi ya dawa nyumbani yana dawa za kutibu malaria, si za kukinga. Tatu, dawa bandia zipo.

Daktari atakuchagulia mojawapo kati ya tatu:

Atovakuoni na proguanili, maarufu kwa jina la Malarone. Unaanza siku 1 au 2 kabla, unameza kila siku, na unaendelea siku 7 baada ya kutoka. Ipo ya watoto, inayopimwa kwa uzito. Imezwe na chakula au maziwa, saa ile ile kila siku, kwa sababu bila mafuta tumboni haifyonzwi vizuri. Mtoto akiitapika ndani ya saa moja, mpe tena.

Doksisaiklini. Ni nafuu zaidi, kila siku, lakini unaendelea wiki 4 baada ya kurudi. Haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo (Uingereza haipewi mtoto chini ya miaka 12), na ngozi huungua jua upesi.

Meflokwini. Mara moja kwa wiki, unaanza wiki 2 hadi 3 kabla na kumaliza wiki 4 baada ya kurudi. Aliyewahi kuugua sonona, wasiwasi mkubwa au kifafa asiiguse.

Klorokwini, ile iliyokuwa ikitufanya tujikune mwili mzima usiku kucha, sahau. Vimelea vya kwetu viliizoea, na Tanzania iliiacha kama tiba tangu 2001. Ukimkuta mjomba bado anayo kabatini, mshukuru na uiache humo kabatini.

Mwenye selimundu (sickle cell) asidanganyike na habari kwamba selimundu inakinga malaria. Anayelindwa kwa kiasi ni yule mwenye kurithi upande mmoja tu. Mgonjwa mwenyewe malaria humpiga vibaya zaidi. Mjamzito naye, kama safari inaweza kusubiri, isubiri. Kama ni msiba au jambo lisilosubiri, aongee na daktari mapema.

Kuhusu sehemu unayokwenda: Nairobi mjini na nyanda za juu hatari ni ndogo, lakini nani anakwenda Kenya akaishia Nairobi? Kuna harusi Kilifi, kuna bibi Siaya. Zanzibar malaria imepungua sana kwa miaka mingi ya kazi, ila haijaisha, na wengi wanaokwenda Unguja wanapitia Dar. Mtajie daktari kila kituo cha safari, hata pale mtakapolala usiku mmoja.

Na jiandae kwa ubishi. Mwaka uliofuata tulirudi Muheza na vidonge vyetu. Asubuhi ya kwanza, chai ya maziwa mezani, nawapa watoto kidonge mmoja mmoja, mama yangu ananitazama.

"Mwanangu, mbona unawalisha dawa watoto wazima?"

"Mama, hawa hawajaugua malaria hata siku moja."

"Si ndiyo nasema wazima."

"Ndiyo ubaya wenyewe, Mama. Damu yao haiijui."

Akanyamaza kidogo, akasogeza kikombe cha maziwa kwa yule mdogo. "Basi wape na maandazi, wasimeze tumbo tupu." Toka siku hiyo akawa yeye ndiye anayekumbusha. Mpate bibi upande wako siku ya kwanza, kazi inakuwa nusu.

Hatua ya 3: Begi dogo la dawa

Liende nawe ndani ya ndege, lisiende kwenye mizigo. Weka dawa za kinga za siku zote pamoja na zile za kumalizia ukirudi, dawa zako za kila siku za presha, sukari au pumu kwa wiki mbili za ziada, kipimajoto, parasetamo ya wakubwa na ya maji ya watoto, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), vidonge vya zinki vya watoto, plasta, dawa ya vidonda, na dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu. Dawa zikae kwenye maboksi yake na nakala ya cheti cha daktari.

Ndugu mnaoishi Muscat, Dubai na kwingineko Ghuba: wakati wa kurudi angalieni begi mara mbili. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zinaweza kukuweka pabaya uwanja wa ndege wa huko, hata kama ulizinunua kihalali kwenu.

Bima pia ni sehemu ya begi. Soma kama inalipia kulazwa na kusafirishwa hadi hospitali kubwa, na kama inakubali ugonjwa ulionao tayari. Zanzibar tangu Oktoba 2024 ina bima yake ya lazima kwa wageni wa nje, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Uingereza hata akiitwa Juma aulize kabla hajafika.

Hatua ya 4: Usiku wa kwanza, kagua chandarua

Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na saa za hatari kwa mgeni ni mbili: pale barazani mnapopiga soga, na ndani usingizini.

Kwa baraza: nguo za mikono mirefu na suruali jua linapozama, na dawa ya kujipaka. Chagua yenye DEET asilimia 20 hadi 50 au ikaridini asilimia 20. Kichanga chini ya miezi 2 asipakwe, yeye ni wa chandarua tu. Kwa watoto wengine muulize mfamasia kiwango, na usiwapake viganjani, maana viganja vinaishia mdomoni. Mkipaka mafuta ya kuzuia jua, yatangulie, dawa ya mbu ifuate juu yake.

Kwa usingizi: usiulize tu kama chandarua kipo. Kipo. Nyumba nyingi kipo, kimefungwa fundo juu ya kitanda tangu mgeni wa mwisho aondoke. Kishushe mchana, wakati bado kuna mwanga. Ingia ndani yake na utazame kuelekea dirishani, matundu yataonekana kama nyota. Sindano na uzi dakika tano. Sisi tulikuta tundu la kupita kidole gumba upande wa miguuni, limezibwa kwa kufungwa fundo la uzi wa gunia, na pembeni yake dogo zaidi ambalo hakuna aliyeliona. Kisha chomeka kingo zote chini ya godoro, usiziache zining'inie. Kabla ya kulala washa tochi ya simu, zungusha kona za juu, maana mbu aliyefungiwa ndani ana karamu ya usiku mzima. Na mtoto asilale akiegemea wavu, anaumwa kupitia matundu yale yale ya kupitishia hewa. Kama kitanda ni chembamba na watoto ni watatu, tandika godoro chini na chandarua kikubwa juu.

Unaweza kwenda na chandarua chako chenye dawa, ni chepesi. Feni inasaidia, dawa ya mbu ya kuchoma inasaidia kidogo, lakini hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya chandarua.

Mchana nao una mbu wake, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayezaliwa kwenye ndoo, vifuu na matairi ya nyuma ya nyumba. Huyu analeta dengue, ambayo iliisumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Wazee wa pwani waliijua homa ya namna hii kwa jina la kidingapopo. Analeta na chikungunya, jina lililotoka kwa Wamakonde baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika, kwa vile mgonjwa hujikunja kwa maumivu ya viungo. Vidonge vya malaria havikingi haya. Mwaga maji yaliyosimama uani, na jipake dawa hata mchana.

Hatua ya 5: Kula bila kumkosea mwenyeji

Miongozo mingi ya wageni husema kula hotelini tu. Kwetu haiwezekani, na wala haina haja. Kanuni yangu ni moto. Kilichotoka jikoni kikifuka moshi, kula: wali wa nazi, ugali, maharage, samaki aliyekaangwa sasa hivi, mishkaki inayotoka kwenye makaa, chipsi mayai mbele ya macho yako. Kilichopoa tangu mchana na kufunikwa kawa, omba kipashwe.

Mchawi hasa ni kachumbari. Nyanya na vitunguu vimeoshwa kwa maji ya ndoo, vimekatwa kwa kisu kilichotoka kukata nyama, vimekaa nje saa mbili. Nyama yenyewe ilikuwa salama. Wiki ya kwanza hasa, iache pembeni ya sahani bila kutoa hotuba. Ashkrimu za watoto za kwenye vifuko, zile za ukwaju na ubuyu za shilingi chache, ni maji ya bomba yaliyogandishwa. Najua ni utoto wetu wote ule, lakini tumbo la mwanao halikupita huko. Juisi ya miwa inategemea mashine na barafu. Matunda ya kumenya mwenyewe hayana neno: ndizi, embe, chungwa. Dafu lililokatwa mbele yako ni kinywaji salama kuliko vingi. Maziwa yachemshwe, hata kama ng'ombe ni wa babu.

Maji: chupa iliyofungwa, au yaliyochemka hadi yakatokota kwa dakika moja kamili. Ya kusukutua meno pia. Ukipewa glasi ya maji usiyoyajua kwenye nyumba ya watu, usikatae kinywaji, badilisha: "Shangazi, naomba chai ya rangi, nimeikosa sana." Chai imechemka, na shangazi anafurahi.

Tumbo likiharibika pamoja na hayo yote, mengi hupoa siku mbili tatu. Kinachoua ni kuishiwa maji. Pakiti ya ORS ikikosekana, tengeneza: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Zidisha sukari utazidisha kuharisha, zidisha chumvi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo pima, usikadirie. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko hata akitapika. Mtoto wa miezi 6 na kuendelea apate zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Damu kwenye choo, homa kali, macho kuzama, mtoto kulegea au kutokojoa, au kuharisha maji kama ya kuoshea mchele, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Ziwa, mchanga, mbwa na bodaboda

Bahari haina kichocho. Ziwa Victoria linacho, na mito na madimbwi mengi pia, hata Unguja na Pemba. Kimelea hutoka kwa konokono wa maji na kupenya ngozi nzima bila jeraha, dakika chache zinatosha. Mwanza na Musoma ufukwe unavutia na binamu wote wamo majini. Kama huwezi kuwazuia, andika tarehe, utaihitaji mwishoni.

Watoto wavae viatu nje, kuna minyoo ya ardhini na kuna funza. Nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi, na nepi na chupi zisisahauliwe, kwa sababu kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na buu lake huingia ngozini na kuota jipu. Pasi ya moto humaliza habari.

Mnyama akiuma au kukwaruza mtu, awe mbwa, paka, tumbili au popo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Tazama saa, dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima. Dalili zikishaanza, hakuna tiba.

Na ajali. Mgeni ana uwezekano mkubwa wa kuumia barabarani kuliko kung'atwa na nyoka anayemwogopa. Mkanda ufungwe hata kwenye teksi, safari ya basi ya usiku iepukwe, na bodaboda ya watoto wawili na mama yao bila kofia ngumu tuiache. Kama una kiti cha gari cha mtoto, mashirika mengi ya ndege hukipokea. Nenda nacho.

Hatua ya 7: Homa ikishika mkiwa huko

Homa ni malaria mpaka kipimo kiseme sivyo, hata kama mmemeza kinga kila siku. Zahanati yoyote ina kipimo cha haraka cha damu ya kidole, majibu ndani ya dakika ishirini. Kama kuna darubini, vitumike vyote viwili. Usikubali kutibiwa kwa kukisia, na usimalize siku mbili ukinywa mwarobaini.

Malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa ya mseto, dozi 6 kwa siku 3, na chakula chenye mafuta. Maliza dozi yote hata kama umepona siku ya pili. Kipimo kikiwa hakina malaria na viungo vinauma, fikiria dengue, na hapo usimeze aspirini wala ibuprofeni kwa sababu zinaweza kuchochea kutoka damu. Parasetamo tu. Ukiambiwa una "malaria na taifodi" kwa mpigo, uliza kwa adabu walipima nini, maana kipimo cha zamani cha taifodi hudanganya sana.

Degedege ni dharura. Shangazi anaweza kusema ni mambo ya mganga, na anasema kwa mapenzi. Mwitikie kwa heshima huku gari likiwashwa. Mtoto anayepata degedege, asiyeamka vizuri, anayeshindwa kunyonya, anayehema kwa shida, mwenye macho ya njano au mkojo mweusi kama chai ya rangi, anahitaji hospitali yenye damu na sindano, si duka la dawa.

Habari za mlipuko wa Marburg, Ebola au kipindupindu zikitangazwa eneo mnalokwenda, fuata wizara ya afya na uahirishe mazishi na mikusanyiko ya eneo hilo hata kama inauma.

Hatua ya 8: Ukisharudi

Malizia vidonge. Wengi huacha siku wanapotua Heathrow, wakati vimelea walioingia usiku wa mwisho bado wako kwenye ini wanajiandaa kutoka. Weka kengele ya simu.

Malaria haianzi kabla ya siku 7 tangu kuumwa, na mara nyingi huja ndani ya miezi mitatu, japo inaweza kuchelewa hata mwaka. Likizo ya Desemba ina ubaya wake: unarudi katikati ya msimu wa mafua, na kila mtu anakohoa. Kwa hiyo homa yoyote katika kipindi hicho, usipange miadi ya wiki ijayo. Nenda dharura siku hiyo, na sentensi ya kwanza, kabla ya kutaja kichwa wala kikohozi, iwe hii: "Nimerudi kutoka Tanzania tarehe fulani. Nina homa. Naomba nipimwe malaria leo." Nimeiandika kwa Kiingereza kwenye simu yangu na ya mume wangu, na kwenye karatasi mlangoni mwa jokofu, kwa sababu mtu mwenye nyuzi joto 40 hakumbuki maneno. Kipimo cha kwanza kikikosa kitu, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, na tena mara ya tatu. Kimoja hakitoshi kukutoa mashaka. Mseto ulioubeba kutoka nyumbani usiumeze kimya kimya sebuleni.

Ile tarehe ya ziwani uliyoiandika: hesabu wiki 12 kutoka siku hiyo na uombe kipimo cha kichocho kwa kila aliyeingia majini, hata asiyeumwa kitu. Kabla ya wiki 8 damu inaweza isioneshe kitu. Tiba yenyewe ni vidonge vya prazikwanteli, mara nyingi kwa siku moja tu. Wa kwetu wawili walikutwa nacho, aliyezama hadi shingoni na yule aliyeapa kwamba alilowesha miguu tu.